Minazi Kumi na Minne: Kisa cha Wosia Uliosemwa Bila Kuandikwa

Ilikuwa Jumapili ya pili ya Januari, baada ya ibada. Tulikwenda watu watatu nyumbani kwa mzee: mchungaji na vyombo vya Meza ya Bwana, kiongozi wa darasa lake, yaani kikundi cha waumini anachokipitia nyumba kwa nyumba, na mimi niliyekuwa stewadi, mwangalizi wa sadaka na mali za kanisa, mwaka huo. Mzee alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hadi alipostaafu, na sijui daftari la kanisa letu ambalo halikupita mikononi mwake. Kisukari kilikuwa kimemlaza tangu Oktoba. Akapokea mkate na kikombe, akanyamaza kidogo, kisha akaelekeza kidole dirishani. "Ile pembe, kutoka kwenye mkorosho hadi njiani, ina minazi kumi na minne. Hiyo nawapa kanisa." Mkewe alikuwa jikoni, tukisikia vikombe vikigongana. Tukasema amina. Mchungaji akaomba, chai ikaletwa, tukanywa, tukaaga.

Mzee alifariki katikati ya Juni. Pembe ile hatukuipata, na namna tulivyoikosa ilituumiza kuliko kuikosa kwenyewe.

Nakiandika kisa hiki kwa viongozi wa makanisa madogo kama letu, ambako kila mtu anamjua mtu aliyesema ataliachia kanisa kitu, na hakuna akumbukaye kitu hicho kikifika. Majina sitayataja, wala kijiji. Itoshe kusema tuko katika vilima vya nyuma ya Mombasa, si mbali na Ribe, mahali mmisionari Krapf alipomfikisha mwenziwe Thomas Wakefield mwaka 1862 na Umethodisti ukaanza katika nchi hii. Ninachoshikilia ni kwamba kanisa likitaka kukumbukwa katika wosia wa waumini wake, kwanza liwasaidie kuandika wosia kwa faida ya wake zao, waume zao na watoto wao, na lenyewe likae mwisho wa foleni. Sisi tulisimama mbele.

Siku ya mazishi

Salamu za kanisa nilizisoma mimi. Nilieleza utumishi wake, madarasa aliyoyaongoza, jinsi alivyokuwa akihesabu sadaka mara mbili hata siku za mvua watu walipokuja kumi. Mwishoni nikatangaza, kwa furaha ya kweli, kwamba mwalimu ameliachia kanisa minazi kumi na minne. Nilingoja vigelegele. Kikapigwa kimoja upande wa akina mama, kikakatika. Mjane akainua uso kunitazama, na papo hapo nikajua hakuwa na habari.

Mtoto wake wa kwanza, anayefanya kazi bandarini Mombasa, alingoja hadi tukamaliza kufukia. Akanivuta kando, akaniuliza kwa adabu: "Baba, mzee aliwapa maandishi?"

Nikamwambia hapana, lakini tulikuwepo watu watatu.

"Watatu wa kanisa," akasema.

Hapo sikuwa na jibu, na hadi leo sina.

Wiki ya pili baada ya matanga maneno yalikuwa yamezagaa. Wako waliosema watoto wa mwalimu wanamdhulumu Mungu. Wako waliosema kanisa linanyemelea wagonjwa. Mkutano wa viongozi ulipokaa, mwenyekiti alifanya jambo moja la busara sana: alitupa sisi watatu kila mmoja karatasi, akatutuma pembe tofauti za ukumbi, akasema kila mtu aandike alichokisikia siku ile.

Karatasi ziliposomwa hazikupatana. Mchungaji, ambaye ni mtu wa Meru, aliandika kwamba mzee alitoa kipande cha shamba. Kiongozi wa darasa, mzaliwa wa hapa, aliandika kwamba mzee alitoa minazi. Mimi nilikuwa nimeandika "pembe ya shamba yenye minazi", maneno ambayo hayakuamua lolote.

Kwa msomaji asiyejua pwani yetu, nieleze. Huku mti na ardhi ni mali mbili. Mtu aweza kuwa na minazi juu ya shamba la mwingine, akaiangua nazi zake, akaiweka rehani, akairithisha, na mwenye ardhi asidai kitu. Kwa hiyo mzee wa hapa akisema "minazi nawapa", jirani yake anaelewa kwamba udongo ulio chini umebaki na watoto. Mtu wa bara, alikozoea kwamba kilichopandwa huenda na shamba, anaelewa amepewa eka. Wote wawili walikuwa wakweli. Mwalimu angeweza kutufafanulia kwa sentensi moja, na tulikuwa na miezi mitano ya kumuuliza.

Mafundo yaliyokuwa ndani ya zawadi ile

Mwanasheria tuliyemwendea, binti wa kanisa anayefanya kazi mjini, alitusikiliza mpaka mwisho kabla ya kusema. Kisha akaanza na tarehe.

Sheria ya Mirathi ya Kenya, sura ya 160, iliyoanza kutumika Julai 1, 1981, inautambua wosia wa mdomo. Masharti yake ni mawili: usemwe mbele ya mashahidi wawili au zaidi, na aliyeusema afariki ndani ya miezi mitatu. Mwalimu aliishi mitano. Katikati ya Aprili, wakati tulipokuwa tukishukuru kwamba amepata nafuu na anakaa kibarazani jioni, maneno yake yalikuwa yamekwisha nguvu mbele ya mahakama. Tulikuwa sahihi kumwombea uhai. Lakini katika kwenda na kurudi kwetu kote hakuna aliyemwambia: mwalimu, tumwite mama na watoto, tuyaandike haya.

Kuyaandika kusingekuwa kazi kubwa. Wosia wa maandishi, kwa sheria hiyo hiyo, unahitaji mtu mzima mwenye akili timamu, sahihi yake au alama ya kidole, na mashahidi wawili waliomwona akitia sahihi au waliosikia akikiri kwamba ni yake. Haulazimiki kuandikwa na mwanasheria, wala hauhitaji muhuri. Shahidi asiwe mtu aliyeandikiwa kitu humo, wala mume au mke wake, maana zawadi hiyo hubatilika isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasio na fungu.

Fundo la pili lilikuwa kwenye hati. Shamba lilikuwa bado kwa jina la baba yake mwalimu, aliyefariki miaka mingi kabla, na mirathi yake haikufunguliwa kamwe. Mwalimu alilima pale maisha yake yote, lakini kaka yake na watoto wa marehemu dada yake nao walikuwa na haki mle. Hata kama angeandika wosia mzuri na mashahidi kumi, asingeweza kutoa kisichokuwa chake peke yake. Nimekuja kuona baadaye kwamba hili ndilo fundo la nyumba nyingi zaidi huku kwetu, na kanisa likilisaidia hili tu, bila kupata hata nazi moja, litakuwa limefanya kazi ya Injili.

La tatu ni mpaka. Kurithisha shamba la kilimo kwa wosia hakuhitaji ruhusa ya bodi ya ardhi, ila pale urithi unapolikata shamba kuwa na hati mbili au zaidi. Pembe iliyotajwa kwa mkorosho na njia ilikuwa ya kukatwa. Tena ardhi ya Methodisti haishikwi na kanisa la kijijini. Inashikwa na wadhamini waliosajiliwa kwa niaba ya kanisa zima. Aliyesema "nawapa kanisa" alikuwa hajataja mtu ambaye msajili wa ardhi anaweza kumwandika.

Na nyuma ya yote alikuwepo mjane. Mahakama ya Kenya ina uwezo wa kuugusa hata wosia ulioandikwa vizuri ikiwa mke, mume au watoto wameachwa bila fungu la kutosha. Sikuhitaji sheria kulielewa hili. Katika Marko 7 Bwana wetu anawakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, ili wazazi wao wasisaidiwe nayo. Mwalimu hakuwa na nia hiyo hata chembe. Lakini nilipoukumbuka uso wa mkewe pale kaburini, nilijiuliza tulikuwa tunapokea nini.

Katika mkutano wa viongozi wachache walitaka twende mahakamani, na mmoja akasema watoto wale watakosa radhi ya baba yao, tuwaambie hivyo. Nilipinga kwa nguvu na ningepinga tena. Radhi ya mzazi huku ni kitu kizito. Kumtishia nayo mtu aliyefiwa ili atoe shamba ni kumpora. Sheria yenyewe inasema wosia uliopatikana kwa kulazimisha au kusumbua ni batili. Mkutano ukaandika barua fupi kwa familia: kanisa halidai chochote, na linaomba radhi kwa kutangaza jambo lile mbele ya watu kabla ya kuwaambia wenye nyumba. Mwenyekiti na mchungaji waliipeleka kwa mkono.

Mjane alirudi kanisani baada ya wiki nane, akakaa benchi la nyuma. Mtoto wake wa kwanza hajarudi hadi leo.

Tulichobadilisha

Mwaka uliofuata kamati ilitaka ipangwe Jumapili ya mahubiri juu ya wosia. Niliomba tusianzie mimbarini. Mtu akisikia habari ya kufa na mali kutoka kwa yule anayepokea sadaka, moyo unajifunga. Isitoshe wazee wetu wengi huona kuandika wosia ni uchuro, ni kujiitia mauti. Tukaanzia kwenye madarasa.

Wamethodisti tunasahau madarasa yalitoka wapi. Mwaka 1742 watu wa Bristol, Uingereza, walikuwa na deni la jumba lao la ibada. Kapteni mmoja aitwaye Foy akashauri kila mtu atoe peni moja kwa juma, na alipoambiwa wengine ni maskini, akaomba apewe yeye kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, awapitie nyumbani na kuwalipia watakaoshindwa. Kwa kuwapitia huko viongozi wakaanza kujua nani mgonjwa, nani hana unga, nani kagombana na mkewe, na John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, akaona hiyo ndiyo kazi ya uchungaji aliyokuwa akiitafuta. Utoaji wetu ulizaliwa na mpango, na mpango ulizaliwa na mtu anayeijua nyumba yako. Kiongozi wa darasa anaweza kuuliza swali ambalo mimi mwenye funguo za sanduku siwezi kuuliza bila kushukiwa.

Swali lenyewe halikuwa juu ya kanisa. Kila kiongozi aliuliza nyumba kwa nyumba: hati ya shamba ina jina la nani? Fomu ya SACCO umemwandika nani, na yu hai? Mama anajua karatasi ziko wapi? Tuligundua mambo ya kutisha kidogo. Mzee mmoja alikuwa bado amemwandika mke aliyefariki. Akiba ya SACCO humwendea aliyeteuliwa kwenye fomu hata kama wosia unasema vingine, kwa hiyo fomu ya zamani inaweza kuvuruga nyumba nzima.

Kisha tukaita Jumamosi moja na yule binti mwanasheria. Katika Kiswahili cha kanisa tunasema uwakili tukiwa na maana ya kutunza vya Mungu, na mtu wa sheria naye ni wakili. Alisimama akasema siku hiyo tunao wa aina zote mbili. Akaomba wenye shamba kwa jina lao wenyewe wainue mikono. Ukumbi ulikuwa umejaa, na mikono haikufika kumi. Asubuhi yote ikaenda kwenye barua ya chifu, kutangazwa katika gazeti rasmi la serikali, miezi sita ya kungoja kabla mahakama haijathibitisha mgao. Mchana akaeleza namna ya kuandika wosia. Kanisa lilipata dakika kumi za mwisho, na hizo dakika kumi ndizo zilizozaa matunda.

Nilizisema mimi. Nilisoma jinsi John Wesley mwenyewe alivyoandika. Alikufa London Machi 2, 1791, baada ya kuchuma pesa nyingi kwa vitabu vyake na kuzitoa karibu zote akiwa hai, na katika wosia wake aliagiza pauni sita wagawiwe maskini sita watakaobeba mwili wake kaburini, na pasiwe na gari la fahari wala mbwembwe. Watu walikaa kimya. Pauni moja kila mtu, kwa watu ambao huenda hakuwajua. Bibi mmoja akauliza kama mtu asiye na shamba anaweza kuandika wosia. Nikamwambia hata mwenye mbuzi mmoja.

Hapo tukaeleza kile tulichokubaliana kama mkutano. Kanisa haliombi shamba. Anayetaka kulikumbuka, aandike fungu la kile kitakachobaki baada ya maziko na madeni, na tukapendekeza lisizidi moja katika kumi. Kuweka kikomo tulijifunza kwa majirani zetu Waislamu, ambao sheria yao haimruhusu mtu kuwausia wasio warithi zaidi ya thuluthi ya mali yake. Pwani hii wamejua kwa vizazi kuweka mali wakfu kwa misikiti na visima, na sisi tumelichukua neno lao hilo tukalitumia kwa kuwabariki wachungaji na majengo, tukaiacha kazi yake nyingine. Sioni aibu kujifunza kwao.

Mchungaji na stewadi hawaandiki wosia wa mtu, hawaushuhudii, hawautunzi. Habari ya mali ikizuka kitandani kwa mgonjwa, anayeisikia anajibu neno moja: tumwite mwenzako na watoto. Aliyeliandikia kanisa kitu halazimiki kutuambia, ila tunamsihi awaambie wa nyumbani kwake akiwa hai, wakiwa wamekaa, wakiwa na nafasi ya kukataa. Wala hatutangazi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na nimeona kwa macho yangu harambee ambapo aliyepigiwa makofi kwa ahadi alikwepa njia ya kanisa mwaka mzima.

Nimemtaja mgema, na jambo hili lilitushughulisha sana. Kanisa likirithi minazi, itafanywa nini? Mgema hukodi mnazi kwa bei nzuri, na wengi wangeona ni mapato. Sisi tunaohubiri kiasi na kuwazika vijana walioharibiwa na ulevi hatuwezi kuishi kwa kibuyu cha tembo. Tukaandika kwamba minazi ya kanisa ni ya nazi tu, na kwamba kanisa lina haki ya kukataa zawadi yoyote, hasa ardhi yenye ugomvi.

Kuhusu pesa, tulikata kwamba kitakachotokana na wosia hakitalipa umeme wala kukarabati paa. Kitawekwa, na faida yake itasomesha watoto. Mweka hazina alipendekeza hati fungani za serikali, ambazo mtu huanza na shilingi 50,000 na kulipwa riba kila miezi sita. Wengine walitaka ploti. Hili bado tunalijadili, na sina wasiwasi nalo. Pesa zenyewe zitakuja polepole, baada ya wengi wetu kuondoka.

Mirathi ya baba yake mwalimu ilifunguliwa hatimaye. Kiongozi wa darasa ndiye aliyewasindikiza kwa chifu. Shamba likagawiwa kati ya ndugu, na pembe ya mkorosho ikaangukia upande wa kaka, ambaye si mtu wa kanisa letu.

Mjane wa mwalimu alikuja ofisini mwaka jana, siku ya kazi, na mkoba wa ukili. Ndani kulikuwa na kitabu cha benki na karatasi ambayo mjukuu wake alikuwa amemwandikia kwa penseli. Cherehani kwa binti mkubwa. Mbuzi kwa wajukuu. Fungu moja katika kumi la pesa zitakazokuwa benki siku hiyo, baada ya maziko, kwa wadhamini wa Kanisa la Methodisti, kwa masomo ya watoto wa hapa. Alikuwa ameshawasomea wanawe wote wanne, na yule wa bandarini, akaniambia, alisahihisha tahajia. Alitaka nisome kama maneno ni sawa. Nikamwomba anisamehe, nikampigia simu binti mwanasheria, na Jumamosi iliyofuata akaja na makarani wawili wa ofisini kwake kuwa mashahidi.

"Baba, wewe hubaki?" mama akaniuliza nilipofungua mlango.

Nikamwambia nitakuwa hapo nje. Nikakaa chini ya mwembe, nikiwasikia wakisoma sentensi moja moja kwa sauti na mama akijibu "ndiyo", mpaka waliponiita ndani kunywa chai.